Tusiseme Hatuna Nyenzo

Kila tunapokwenda kuwatazama wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, liko neno moja ambalo hatukosi kulisikia. Mwanachuo hutupokea mlangoni, hutukabidhi andalio lake la somo, kisha hutuambia kwa sauti ya chini: "Wakufunzi, mtuwie radhi, shule hii haina nyenzo."

Hatumlaumu. Aghalabu asemayo ni kweli. Kabati la sayansi, kama lipo, lina chupa mbili tupu, sumaku iliyochoka na mizani iliyopotewa na mawe yake. Basi somo la mashine rahisi huendelea kama yaendeleavyo masomo mengi ya namna hiyo. Mwanachuo huchora wenzo ubaoni kwa mstari ulionyooka, huandika egemeo, mzigo na jitihada, kisha huorodhesha mashine sita: wenzo, roda, gurudumu na ekseli, mteremko, kabari na skrubu. Watoto hunakili. Kengele hulia. Mwanachuo hupangusa chaki mikononi na kushukuru kwamba somo limekwisha salama.

Lakini sisi tuliokaa nyuma ya darasa tumekuwa tukitazama jambo jingine. Muda wote huo, katika kila dawati palikuwa na rula. Palikuwa na penseli, na mtoto mmoja alikuwa akiichonga kwa kichongeo chini ya dawati ili asionekane. Palikuwa na mkebe wa hesabu wenye bikari. Mezani kwa mwalimu palikuwa na mkasi. Nje ya dirisha bendera ilipepea juu ya mlingoti, na kamba yake ilipita katika roda. Mlango ulikuwa na bawaba na kitasa. Mashine zote sita zilizoandikwa ubaoni zilikuwamo chumbani au hatua chache kutoka chumbani, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeambiwa aiguse mojawapo.

Neno nyenzo lenyewe linatusuta. Leo tunalitumia kwa maana ya vifaa vya kazi vya kila namna: vitabu, chaki, fedha, hata magari. Lakini wenzo, kwa maana yake ya msingi, ni mti au chuma kinachotiwa chini ya kitu kizito ili kukiinua au kukisogeza, kama afanyavyo fundi ang'oaye jiwe kwa mtaimbo. Mwanachuo anayesema kwamba hana nyenzo za kufundishia nyenzo, hali watoto hamsini mbele yake wameshika rula, asema jambo ambalo yafaa tulifikiri pamoja.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Kabla ya kuwasahihisha wengine, yafaa tukiri la kwetu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado tukifundisha shule ya msingi, tulilifundisha somo hili kama tulivyofundishwa sisi. Tuliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Mashine ni kifaa kinachopunguza kazi." Msichana mmoja wa Darasa la Sita, ambaye kila alfajiri aliteka maji kabla ya kuja shuleni, akainua mkono. Akasema: "Mwalimu, pale kisimani kwetu pana gurudumu ambalo kamba hupita juu yake. Mbona ndoo ni nzito vile vile, na kamba ni ndefu vile vile? Hiyo kazi iliyopungua imekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aandike kama ilivyo ubaoni, na darasa likacheka. Aliandika. Mtihani ulipofika alilijibu swali hilo kama tulivyotaka, nasi tukampa alama yake. Lakini katika muda uliobaki wa mwaka ule hakuuliza tena swali katika somo la sayansi.

Tunalieleza jambo hili kwa kuwa msichana yule alikuwa sahihi na ubao wetu ulikuwa na kosa. Mashine haipunguzi kazi. Katika sayansi, kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kani hiyo imesafiri. Mashine inaweza kuipunguza kani, lakini umbali utaongezeka kwa kadiri ile ile. Inaweza pia kuupunguza umbali, na hapo kani itaongezeka. Au inaweza kugeuza tu upande wa kuvutia. Kila faida ina bei yake, na bei hulipwa papo hapo. Tena, kwa sababu ya msuguano, mkono hulazimika kufanya kazi iliyo kubwa kidogo kuliko ile inayoufikia mzigo.

Wala tusidhani kwamba kosa hili ni la wajinga. Arkimedes wa Sirakuse, aliyefariki mwaka 212 KK, aliithibitisha kanuni ya wenzo kwa hoja za hisabati. Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza, aliziorodhesha na kuzieleza mashine tano. Mteremko haukuwamo katika orodha yake. Hata hivyo, yapata mwaka 1600, Galileo alipoandika juu ya umakanika, ilimlazimu aanze kwa kuwaonya mafundi wa zama zake waliodhani kwamba kwa mashine wangeweza kuyalaghai maumbile na kuinua mizigo mikubwa kwa kani ndogo bila ya kulipa chochote. Ikiwa mafundi walioshika mashine kila siku walikosea, si ajabu mtoto akikosea. Lililo ajabu ni mwalimu kumwandikia mtoto kosa hilo ubaoni.

Rula, penseli na sarafu

Yawezekanaje basi kumfikisha mtoto kwenye ukweli huu? Kwa maneno matupu ni vigumu. Kwa rula ni jambo la kipindi kimoja au viwili.

Wagawe watoto katika makundi ya wanne au watano. Kila kundi liwe na rula moja ya sm 30, penseli moja yenye pembe sita ili isibingirike, na sarafu tano za aina moja. Pasipo sarafu, vizibo vya soda vilivyopondwa vikawa bapa vitafaa, mradi viwe vya aina moja. Penseli iwekwe juu ya dawati, na rula ilazwe juu yake hadi itulie bila kuelemea upande wowote. Hapo ndipo penye egemeo, nayo aghalabu huwa kwenye alama ya sm 15 au karibu nayo.

Sasa waweke sarafu mbili upande wa kushoto, sm 6 kutoka kwenye penseli. Waulize: sarafu moja iwekwe wapi upande wa kulia ili rula itulie tena? Usiwaambie. Waache wajaribu. Wengi wataiweka kwanza sm 6, kwa kuwa macho yao yanapenda usawa, na rula itaelemea kushoto. Wataisogeza hadi waifikishe sm 12. Kisha waweke sarafu tatu sm 4 kutoka kwenye penseli. Ile sarafu moja, ikiwa sm 12, itazitosha. Waandike kila jaribio katika daftari: idadi ya sarafu, na umbali wake. Baada ya majaribio manne au matano, mtoto mmoja atasema kwamba ukizidisha idadi kwa umbali, pande zote mbili hutoa jibu moja. Siku hiyo mtoto wa Darasa la Tano atakuwa ameifikia kwa mkono wake kanuni iliyompa Arkimedes sifa yake.

Hapa tuna maonyo mawili. La kwanza, penseli isiondolewe katikati katika zoezi hili. Ikiondolewa, uzito wa rula yenyewe utaingia katika hesabu na kuwachanganya watoto. La pili, vipimo havitatoka sawasawa kila mara. Kundi moja litapata sm 11 na nusu, jingine sm 12 na robo. Yaandikwe kama yalivyopatikana. Mwalimu anayewaambia watoto wafute sm 11 na nusu waandike 12 anawafundisha kughushi, na hilo ni baya kuliko kutofundisha sayansi kabisa.

Zoezi la pili ndilo linalolijibu swali la msichana wetu. Tafuta kipande cha mti chenye unene wa sm 2 kiwe egemeo, na rula ya mbao iliyo imara, maana ya plastiki hupinda na pengine hukatika. Ingiza ncha ya rula kidogo chini ya ukingo wa kitabu kizito, na uweke egemeo sm 5 kutoka kwenye ncha hiyo. Zabaki sm 25 upande wa mkono. Mtoto abonyeze ncha ya pili kwa kidole kimoja, naye atashangaa jinsi kitabu kinavyopanda kwa wepesi. Wengi wetu huishia hapo, tukipiga makofi. Hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa.

Tusiishie hapo. Mtoto wa pili asimamishe rula nyingine wima upande wa kitabu, na wa tatu upande wa mkono. Watagundua kwamba kitabu kikipanda sm 2, kidole kimeshuka sm 10. Kisha egemeo lisogezwe liwe sm 10 kutoka kwenye ncha ya kitabu: sasa kitabu kikipanda sm 1, kidole hushuka sm 2, na kidole husikia uzito zaidi. Likiwekwa sm 15, kidole na kitabu husafiri sawa, na wepesi wote umetoweka. Hapo mwulize mtoto: ule wepesi wa mwanzo tuliununua kwa nini? Atajibu bila kufundishwa: kwa safari ndefu ya kidole.

Mwisho, lisogeze egemeo upande wa pili, liwe sm 5 kutoka kwenye kidole, na kitabu kizito ukibadilishe kwa kifutio. Ukibonyeza kidogo tu, ncha ya mbali yaruka. Kidole kimesikia uzito mkubwa kuliko ule wa kifutio, lakini kifutio kimesafiri mbali na kwa haraka. Hii nayo ni biashara, ila bei imegeuzwa.

Kanuni moja, mashine sita

Mtoto aliyelielewa jambo hili hahitaji tena kukariri mashine sita kana kwamba ni majina ya watu sita wasiojuana. Atazikuta zote zikitii amri moja, na zote zimo katika vifaa vya shule.

Na aanze na mkasi. Akate karatasi ngumu kwa ncha za mkasi, kisha aikate karibu na kile kipini kilichoshikamanisha visu vyake viwili. Mkono wake utamwambia tofauti kabla ya mwalimu kusema neno. Karibu na egemeo visu hukata kwa nguvu, lakini husogea kidogo. Penye ncha visu hufunguka sana, lakini havina nguvu.

Na atazame bendera. Kiranja anapoipandisha asubuhi, kila mita ya kamba anayoivuta chini huipandisha bendera mita moja. Roda iliyofungwa mahali pamoja haimpunguzii kani hata chembe. Faida yake ni kwamba hakuna mtu anayelazimika kupanda mlingoti: anavuta chini, bendera inakwenda juu. Na hilo ndilo jibu tuliloshindwa kulitoa siku ile. Pale kisimani, kazi ya yule msichana haikupungua. Kilichogeuka ni upande wa kuvuta. Pasipo gurudumu angeinama juu ya kisima na kuvuta ndoo juu kwa mikono na mgongo; penye gurudumu alisimama wima akavuta chini, na uzito wa mwili wake ukamsaidia. Maneno machache tu, na mtoto angetoka darasani akiwa ameheshimiwa.

Na ashike kichongeo. Ndani ya kitu hicho cha bei ndogo zimo mashine mbili: wembe wake ni kabari, na kijiskrubu kinachoushikilia ni mteremko uliojiviringisha. Mtoto asiyeamini habari ya skrubu na akate karatasi yenye umbo la pembetatu, pembe moja ikiwa ya mraba, aupake rangi ule upande mrefu ulioinama, kisha aizungushe juu ya penseli. Mstari wa rangi utapanda ukizunguka penseli kama nyuzi za skrubu. Ataona kwamba skrubu ni njia ndefu ya kupanda kilima, iliyokunjwa ikawekwa mahali padogo. Kabari nayo ni vivyo hivyo: ikiwa nyembamba huingia kwa wepesi, lakini sharti iingie mbali zaidi ili ipasue kwa upana ule ule.

Mteremko wenyewe waweza kupimwa kwa ubao wenye urefu wa sm 60 ulioegemezwa juu ya vitabu vyenye kimo cha sm 20. Watoto walete gari lao la kuchezea, lile walitengenezalo wenyewe kwa kopo na vizibo, walifunge ukanda mwembamba uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Wakiliinua wima, ukanda hunyooka sana. Wakilivuta polepole juu ya ubao, hunyooka kidogo. Lakini gari limesafiri sm 60 badala ya sm 20. Wepesi umepatikana, na bei imelipwa kwa urefu wa njia.

Na gurudumu na ekseli? Waulize watoto wangapi wamewahi kukuta bomba la maji lililovunjika mpini wake, wakajaribu kuuzungusha ule msumari uliobaki kwa vidole. Mikono mingi itainuliwa. Mpini ni gurudumu, na msumari ni ekseli. Mkono unaoushika mpini huzunguka duara kubwa ili ekseli izunguke duara dogo. Mpini ukiondoka, safari ya mkono yafupika, na kani inayotakiwa yawashinda hata watu wazima.

Juu ya madaraja ya nyenzo

Twapenda kusema neno pia juu ya desturi ya kuwakaririsha watoto madaraja matatu ya nyenzo pamoja na orodha ya vifaa vya kila daraja. Madaraja yana maana: hutuonyesha kilicho katikati. Egemeo likiwa katikati, kama katika mkasi, ni daraja la kwanza. Mzigo ukiwa katikati, kama katika toroli, ni la pili. Jitihada ikiwa katikati, kama katika fagio la mpini ambalo mkono wa juu hulishikilia na wa chini hulisukuma, ni la tatu. Hilo ni jema. Baya ni kumfanya mtoto aamini kwamba daraja ni la kifaa, kama rangi yake, na kwamba linakaririwa.

Ichukue stepla iliyo mezani kwa mwalimu mkuu. Egemeo lake ni bawaba iliyo nyuma, na mzigo upo pale ambapo pini hutoboa karatasi. Ukibonyeza mbele kabisa, kupita pini, mzigo uko katikati, na wenzo ni wa daraja la pili. Ukibonyeza kati ya bawaba na pini, jitihada iko katikati, na wenzo huo huo umekuwa wa daraja la tatu; na mkono utakuambia kwa kuumia. Stepla haikubadilika. Uliobadilika ni mkono. Mtoto aliyekariri orodha atabishana na wenzake juu ya jibu lililo sahihi; mtoto aliyefundishwa kutazama atauliza: "Umebonyeza wapi?"

Hoja za wanaopinga

Wako watakaotwambia kwamba haya ni mazuri kwa maneno, lakini darasani pana watoto tisini, na kipindi ni kifupi. Tunalijua hilo, maana tumesimama katika madarasa hayo. Lakini vifaa tulivyovitaja ni vile ambavyo watoto huja navyo wenyewe, na idadi yao ikiongezeka, rula nazo zaongezeka. Kundi la watoto sita kwa rula moja si dhambi, mradi kila mtoto awe na kazi yake: mmoja aweke, mmoja apime, mmoja aandike, na zamu zibadilishwe. Kelele zitakuwapo. Mwanachuo asiogope kelele za watoto wanaobishana juu ya sm 11 na nusu.

Wako pia watakaosema kwamba mtihani huuliza majina na madaraja. Ni kweli kwamba maswali ya namna hiyo yapo. Walakini mtoto aliyeielewa kanuni huyajua na majina, kwa kuwa ameyatumia. Bali aliyekariri majina hawezi kuifikia kanuni kwa njia hiyo. Wala hatuwaombi wanachuo waache muhtasari. Tunawaomba waufuate kwa mikono ya watoto.

Wengine husema kwamba vifaa vya namna hii ni vya kimaskini, na kwamba sayansi ya kweli yataka maabara. Hawa twawakumbusha kwamba mwaka 1956 UNESCO ilitoa kitabu kikubwa cha kuwasaidia walimu wa sayansi, chenye mamia ya majaribio yanayofanywa kwa makopo, chupa, uzi na vipande vya mbao, na kwamba asili yake ilikuwa kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya shule zilizobomolewa na vita vya 1939 hadi 1945. Walimu wale hawakungoja majengo yasimame ndipo wafundishe. Maabara ni kitu chema, na shule ikiipata na ifurahi. Lakini mtoto anayedhani kwamba sayansi hukaa maabarani tu hataitafuta katika jembe la baba yake wala katika kamba ya kisima.

Ushauri kwa mwanachuo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kuandika kwamba zana za kufundishia hazipo, mwanachuo na azunguke shule nzima akiwa na daftari, kuanzia mlangoni hadi bombani, kutoka stoo ya majembe hadi mlingotini, akiandika kila kitu kinachoinua, kinachokata, kinachozunguka au kinachokaza. Kisha ajiulize juu ya kila kimoja maswali mawili tu: mkono unapata nini, na unalipa nini? Asipoweza kujibu, asikifundishe bado. Akijaribu mwenyewe kwanza. Wembe mtupu na ncha ya bikari visipitishwe mikononi mwa watoto; kichongeo kinatosha kuonyesha kabari.

Katika andalio la somo, lile fungu la vitendo vya wanafunzi lisijazwe maneno "watasikiliza na kunakili". Liandikwe kitakachoshikwa, kitakachopimwa, na swali ambalo mwalimu hatalijibu kwa haraka. Na ile sentensi ya ubaoni isomeke hivi: Mashine ni kifaa kinachotusaidia kufanya kazi kwa kubadili ukubwa wa kani, au upande inakoelekea, au umbali inaosafiri. Ni ndefu kuliko ile tuliyoiandika sisi, na ina kweli ambayo ile haikuwa nayo.

Zaidi ya yote, mtoto akiinua mkono na kuuliza swali linaloupinga ubao, mwanachuo asione kwamba heshima yake imevunjwa. Aweke chaki chini. Aseme, "Hebu tujaribu." Rula ipo, penseli ipo. Ubao ukishindwa, na ufutwe.